Kilomita Sita kwa Lita

Yerko, uliuliza kwenye simu habari za gari
nikasema zima, maana ulikuwa unaingia zamu.
Halikuwa zima.
Tangu Mei lilikuwa linakula mafuta
kama mgeni asiyetaja siku ya kuondoka.
Kilomita tisa kwa lita, ndivyo lilivyotuzoesha;
zikawa nane, zikawa saba na ushei,
na wiki ile ya barafu, njia ya Natales,
nikapiga hesabu mara tatu kwa kalamu ya risasi:
sita.

Baba yako akasema kituo kinapunja.
Baba yako akipata wa kumlaumu hulala vizuri.
Mimi nikanunua daftari.
Nikajaza tangi mpaka pampu ikakata yenyewe,
kituo kilekile, pampu ileile, ya mwisho upande wa maji,
nikaandika kilomita, nikaandika lita,
nikaandika upepo unatoka wapi,
kwani huku usipoandika upepo hujaandika kitu:
kwenda, twaupanda kama mlima;
kurudi, unatusukuma mgongoni,
na apimaye safari ya kurudi tu
anajidanganya kwa namba za kweli.

Nilianza na matairi.
Nchi nzima upepo, na ndani ya tairi upepo haba!
Nikajaza manne yote. Ikapanda nusu kilomita.
Nikafungua filta ya hewa:
vumbi la changarawe la kiangazi kizima
na kiota cha panya kilichofumwa kwa sufu,
sufu ya blanketi letu la kijani, niliitambua.
Mwenyewe alishahama.
Nikakitoa kwa kijiko. Robo nyingine.

Fundi Barrientos hakuanza na kompyuta.
Alituambia tuzunguke nusu saa, turudi,
akaweka kiganja kwenye kila rimu
kama muuguzi apimaye homa bwenini.
Baridi. Baridi. Baridi.
La mbele kulia akaondoa mkono upesi.
"Breki imeng'ang'ania," akasema,
"mnakwenda huku mmejizuia."
Baba yako akacheka, kisha hakucheka.

Halafu akatuonyesha mshale wa joto
usiofika katikati hata baada ya safari.
Thermostati imekwama wazi, akasema;
injini yenu inadhani kila saa ni alfajiri,
inajimiminia petroli ili iamke.
Na mimi majira yote ya baridi
nimevaa soksi mbili, hita imewashwa hadi mwisho,
nikiamini ni uzee unaonipanda miguuni.

Tukabadilisha. Tukalipa. Kilomita nane na kidogo.
Tisa ikakataa kurudi.

Tulipokwenda kuuliza, Barrientos alikuwa anakula,
akainua uma kuelekea paa la gari.
"Na lile sanduku? Mna nini mle?"
Baba yako akatazama viatu vyake.
Sanduku lako la safari, mwanangu.
Tangu Januari ulipokwenda Antofagasta migodini
limekaa juu, limefungwa, ufunguo unao wewe,
na kila Jumamosi baba yako analitoa Jumamosi ijayo.
Ukipita Villa Tehuelches, uwanda mtupu,
mwendo ukigusa themanini, huanza kupiga mluzi.
Nilidhani unamkera.
Mpaka nilipoona kuwa ukianza
yeye hupunguza sauti ya redio.

Jumapili upepo ulitulia, jambo la kuandikwa.
Bolti nne, moja ina kutu,
ikatugharimu saa nzima na neno moja baya.
Tumelilaza chumbani kwako, kando ya dirisha.

Tisa na nukta moja, Yerko.
Baba yako anasema gari limekuwa kimya mno.
Tulipolibeba, kitu kilibingirika ndani,
kikagonga mwisho, kikarudi.
Yeye anasema ni chupa ya chai.
Mimi daftarini, chini ya lita,
nimeweka alama ya kuuliza.
Tuma ufunguo, au tuambie tu ni nini.